Risasi Moja Haitoshi Kuwa Ushahidi

Ziwa Tanganyika linajua kudanganya macho. Anayesimama ufukweni Uvira na kuutazama upande wa Bujumbura siku tulivu ya jua huweza kuona mitumbwi ikining'inia juu ya maji, kwa kuwa hewa inayogusa ziwa haina joto sawa na hewa iliyo juu yake, na mwanga ukipita katikati ya tabaka hizo mbili hupinda. Tarehe 9 Februari 1916, kusini zaidi, karibu na mji ambao leo ni Kalemie, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilikutana na kikosi cha Waingereza na Wabelgiji katika ziwa hilohilo. Mashua ya Waingereza iitwayo Mimi, yenye mzinga wa makombora ya ratili 3, ilifyatua ikakosa. Fifi, ambayo ilikuwa Kingani ya Wajerumani hadi ilipotekwa Desemba 26, 1915, ilibeba mzinga wa makombora ya ratili 12 nayo ikakosa mara nyingi, hadi ikabakiwa na makombora matatu, na moja likakwama ndani ya mtutu kwa dakika kama 20. Mawili ya mwisho yakapiga. Hedwig ikazama, na mabaharia Waafrika na Wajerumani wakafa ndani yake. Kukosa na kupata vilitenganishwa na swali ambalo kila mlenga shabaha hukutana nalo: risasi ikienda kando, kosa ni la chombo, la mkono, au la bahati tu?

Bastola ya shabaha inalionyesha swali hilo waziwazi kuliko mzinga. Mbele ina kijiti, nyuma ina kibati chenye pengo, na jicho hukiweka kijiti katikati ya pengo, vichwa vyao vikiwa sawa. Kibati cha nyuma ndicho kinachosogezwa kwa skrubu mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Kikisogezwa kulia, risasi huenda kulia. Kikipandishwa, risasi hupanda, maana mtutu lazima uinuke ndipo kijiti kilingane tena na pengo. Kiasi cha kusogeza ni hesabu ya uwiano. Tuseme vilengeo hivi viwili, kijiti na kibati, vimeachana milimita 300, shabaha iko mita 10, na risasi zinatua milimita 20 chini ya kati. Mita 10 ni kama mara 33 ya milimita 300, kwa hiyo kibati kipande milimita 0.6 tu. Unene wa kadi chache za karatasi ngumu unatosha kulipita duara la alama 10, ambalo katika bastola ya hewa lina kipenyo cha milimita 11.5. Kabla ya kugusa skrubu, hata hivyo, uitambue. Bastola nyingi za Kijerumani huandikwa herufi inayotaja kosa: T ni risasi iliyotua chini, H ni iliyotua juu, nawe hugeuza kuelekea herufi ya kosa lako. Nyingine huandika mahali unapotaka risasi iende. Asiyejua tofauti hiyo huliongeza kosa mara mbili huku akiamini analisahihisha.

Lakini skrubu iliyotambuliwa vizuri bado huharibu kazi ikigeuzwa mapema. Hata mkono wa bingwa hutawanya risasi. Anayesahihisha kikamilifu baada ya kila risasi huichanganya kasoro ya risasi iliyopita na ya hii mpya, na hesabu inaonyesha kuwa mtawanyiko wake huongezeka kwa takriban asilimia 41 kuliko wa mtu aliyekiacha kilengeo kilivyo. Bidii yake ndiyo inayomwangusha. Wastani wa risasi 4, kinyume chake, una shaka nusu ya ile ya risasi moja, na wa risasi 10 una theluthi hivi. Kundi la risasi ndilo linalosema ukweli kuhusu kilengeo.

Kuna atakayepinga kwamba wapiga mizinga wa Fifi hawakuwa na nafasi ya kusubiri makombora 10 yatue na kutafuta wastani kabla ya kugusa kilengeo. Ni kweli, na sababu yake inaipa hoja yangu nguvu. Umbali wa Hedwig ulikuwa wa kukisia, tena juu ya maji yanayopotosha macho, na kosa la makisio huweza kuwa kubwa kuliko mtawanyiko wa mzinga wenyewe. Hapo kombora moja lililopita mbali ni habari tosha ya kushusha kilengeo. Kadiri kosa linavyopungua ndivyo ushahidi unaohitajika unavyoongezeka. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kundi lenyewe linaweza kudanganya. Mtu anayevuta kifyatulio kwa pupa huweza kuziangusha risasi zote mahali pamoja, kando ya kati, nacho kilengeo hakina hatia. Akikisogeza, ataizoea pupa yake, na siku mkono ukitulia risasi zitahamia upande wa pili. Kwa hiyo mwingine apige kwa bastola hiyohiyo, ndipo hukumu itolewe.

Wapo Uvira watakaosema silaha zimeleta misiba ya kutosha katika pwani hii, na sina neno la kuwapinga. Hesabu hii, hata hivyo, si mali ya bunduki. Nguzo ya kupimia kina cha ziwa ina sifuri yake, kama bastola ilivyo na kilengeo, na wimbi moja huweza kuupandisha usomaji kama risasi iliyopotea. Katika mji ambao maji yaliingia nyumba za ufukweni mwaka 2024, namba hizo zina uzito. Basi wewe unayesoma nguzo hiyo, soma mara kadhaa, andika wastani, na sifuri usiiguse mpaka mwenzako naye amepima akaliona kosa hilohilo.