SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI: KUPANGA BEWA LINALOTUNZA MAZINGIRA

Ukipanda matatu hapa Makongeni kuelekea Nairobi, hutakawia kufika Juja na kuliona lango la Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Wengi wetu tunaomba Mola atufikishe humo au katika chuo kingine. Lakini je, umewahi kujiuliza bewa la chuo kikuu hupangwaje? Na litapangwaje ili lisiwamalizie majirani maji na miti?

Nilipoyataja haya chamani, mwenzangu mmoja alicheka akasema, "Hayo ni ya maprofesa, wacha sisi tusome ngeli!" Basi makala haya ni jibu langu kwake.

Kwanza tuanze na ardhi. Chuo hicho cha Juja kilipewa hekta 200 na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1978. Kilianza kufundisha mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Sehemu nyingi za Juja zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka, na nyumba yenye msingi duni hupasuka nao. Kwa hivyo mpangaji mwema huikagua ardhi kabla ya kuchora ramani: maji hutiririkia wapi? Miti mikubwa imesimama wapi? Sehemu gani ijengwe na ipi iachwe? Mti wa miaka hamsini ukikatwa leo, hakuna fundi wa kuurudisha kesho. Marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hiyo msomi kushika jembe si jambo geni kwetu.

Pili ni jua. Sisi tu karibu sana na ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, lakini asubuhi na jioni huwa chini, likapenya moja kwa moja katika madirisha ya mashariki na magharibi. Shule niliyosomea zamani ilikuwa na darasa lililotazama magharibi. Saa tisa alasiri tulikuwa tukiokwa kama mikate! Tulifunga mapazia, kisha tukawasha taa mchana kweupe. Jamani, huo si uharibifu? Dawa yake haigharimu pesa nyingi: jengo lilazwe kutoka mashariki hadi magharibi, na madirisha yatazame kaskazini na kusini. Hapo ukingo wa paa unatosha kuleta kivuli. Kuta nazo zaweza kujengwa kwa mawe ya Ndarugo yanayochimbwa papa hapa kwetu, badala ya vioo vitupu vinavyonasa joto.

Mifano tunayo. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, kuna jengo la maktaba ambalo ukumbi wake hupozwa kwa hewa inayopitishwa kwanza kwenye tabaka la mawe chini yake. Chuo Kikuu cha Strathmore nacho, mwaka 2014, kiliweka juu ya mapaa yake paneli za sola zenye uwezo wa kilowati 600. Hata hivyo, tusidanganyike. Ukijenga darasa lenye giza na joto, hata sola itatumika bure kurekebisha kosa la mchoraji. Punguza haja ya stima kwanza, ndipo utafute ya jua.

Tatu ni maji. Mabomba yakikauka Makongeni, sote tunaijua ile mikokoteni ya mitungi. Lakini mvua tunaiacha ijiendee. Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja huleta lita moja ya maji. Tuseme bwalo lina paa la mita 30 kwa 15, yaani mita mraba 450. Mvua moja ya milimita 20 italeta lita 9,000, ambazo ni mitungi 450 ya lita 20! Hata tukitoa yanayomwagika, si haba. Sasa fikiria mapaa yote ya chuo kikuu. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne ni maji machafu. Mto Chania huungana na Mto Thika, na maji yake huteremka hadi bwawa la Masinga katika Mto Tana, ambako umeme hufuliwa. Uchafu tunaoumwaga hapa haupotei, unamfikia mwenzetu aliye chini ya mto. Bewa zuri hutenga mabwawa ambamo jua na vijidudu husafisha maji taka. Baadaye maji hayo yaweza kunywesha miti na nyasi.

Tano ni watu. Wanafunzi wengi wa Juja hulala nje ya chuo, katika vyumba vya kukodi kama vile vya Gachororo. Chuo kikiongeza wanafunzi, mtaa nao hufura, ukihitaji maji, mitaro na njia za miguu. Bewa lililo safi ndani ya ua huku jirani akiruka maji taka, bado halijatunza mazingira.

Almuradi, mambo haya yote huamuliwa kwenye karatasi, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Kugeuza mstari kwenye ramani ni kazi ya kalamu na kifutio, lakini kugeuza ghorofa iliyokwisha simama ni muhali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Namrudia mwenzangu aliyecheka. Ndugu yangu, miaka michache ijayo wewe ndiwe utakayekuwa mchoraji, mwashi, au diwani wa kupitisha ramani. Usingoje hadi wakati huo. Kesho baada ya gwaride chukua futi kamba, tukapime paa la bwalo letu, kisha tumpelekee Mwalimu Mkuu hesabu yake. Penye nia pana njia.