Je, Wajua? Nani Ameuliza Kwa Nini Hayupo?

Je, wajua kwamba mwanafunzi huanza kuacha shule kabla hajabaki nyumbani? Mwaka 1989 mtafiti Mmarekani Jeremy Finn alieleza kuwa mtoto huanza kwa kujitenga na shughuli za darasa, kisha hujiona si wa shule ile. Kutoka langoni huja mwisho.

Je, wajua kwamba hisia hiyo hupimwa? Mtafiti Carol Goodenow alichapisha dodoso lake mwaka 1993: kauli 18, zikiwemo za kama walimu wanamheshimu mwanafunzi.

Je, wajua kwamba omena wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku, kwa mwanga wa taa? Mvulana wa Mbita au Muhuru aliyekesha majini huingia darasani macho mekundu. Akiaibishwa mbele ya wenzake kwa kusinzia, ufuoni anasubiriwa na watu wanaohitaji mikono yake, na wanaomlipa. Wengi husema kijana huyu amependa pesa. Mimi naona pia amependa kuhitajika.

Je, wajua kwamba sheria ya Kenya ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili hata kisaikolojia? Naam, matusi ya darasani yamo.

Na wasichana? Katika utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2014, takriban msichana 1 kati ya 3 wenye miaka 15 hadi 19 katika kaunti ya Homa Bay alikuwa ameshazaa au ana mimba. Kufikia 2022 ilikuwa asilimia 23, nchi nzima ikiwa 15. Kenya imewaruhusu mama hawa kurudi masomoni tangu 1994. Tanzania ilifungua mlango Novemba 2021. Lakini ruhusa haimnyamazishi anayemcheka akiwa ameketi kwenye dawati. Kazi hiyo ni ya mwalimu, na ni ya kila siku.

Na sare? Utafiti uliohusisha shule 328 za magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa sare za bure zilipunguza walioacha shule, na mimba za wasichana pia.

Je, wajua kwamba sheria hiyo hiyo ya 2013 inamtaka mwalimu mkuu achunguze mwanafunzi anapokosa kufika? Mzazi wa Ndhiwa au Nyatike, mwanao akikosa wiki nzima na shule isiulize, nenda ukaulize wewe.