UZI: “Waliochafua hewa walipe!” Sawa. Lakini hiyo pesa itafikaje Kibera?

1/ Mvua ikinyesha Nairobi, mjadala ni uleule, kuanzia Kamukunji ya Kibera hadi steji ya Kawangware 46. Huyu anasema, “Nchi tajiri ndizo zilichafua hewa, zilipe.” Yule anajibu, “Wacha kusingizia wazungu, ni mitaro yetu haizibuliwi.” Nasoma sayansi ya siasa, na kwangu wote wawili wako sawa nusu. Twende pole pole.

2/ Wa kwanza ana msingi. Kenya hutoa sehemu ndogo sana ya gesi chafu duniani. Hata hivyo, Desemba 2020 iliahidi, chini ya Mkataba wa Paris, kuwa kufikia 2030 itakuwa imezipunguza kwa asilimia 32, ukilinganisha na pale tungefika bila kufanya lolote.

3/ Gharama? Dola bilioni 62, na zaidi ya nusu ni ya kujikinga na mafuriko, ukame na kadhalika. Kenya ilisema itajitafutia asilimia 13. Asilimia 87 zitoke nje. Kwa hivyo mtu akijigamba jukwaani kuhusu “mpango wetu”, jua unategemea sana mfuko wa jirani.

4/ Na jirani kabla atoe lazima aulize: nani ameumia, wangapi, wapi, kwa kiasi gani? Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Misri 2022, ukaanzishwa rasmi Dubai 2023. Huko huendi na kilio, unaenda na takwimu.

5/ Hapo ndipo tunakwama. Miaka mingi Kibera ilisemekana ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Mwaka huohuo mradi wa Map Kibera ulianza, vijana wa mtaa wakichora ramani, kwa sababu kwenye ramani za umma mtaa wao ulikuwa karibu tupu. Sasa mtaa kama huo utauombea pesa kwa hesabu gani?

6/ Kawangware ni vilevile. Kipimo cha mvua cha jiji hakikuambii maji yaliingia ploti gani, wala mama mboga alipoteza stoki ya pesa ngapi. Hayo yanajulikana ukienda mlango kwa mlango. Huo ndio utafiti, si semina za hotelini.

7/ “Lakini wakituhesabu watatubomolea!” Hofu hiyo si ya bure. Baada ya mafuriko ya 2024, waliokaa kando ya mito waliamriwa wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Takwimu zaweza kuleta mtaro, zaweza pia kuleta tingatinga. Inategemea nani anazishika na wenyeji walikubaliana nini kabla ya kuhesabiwa.

8/ Pa kuanzia papo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka kaunti ziweke suala hili kwenye mipango yao ya maendeleo. Kuna pia programu ya FLLoCA, ambapo pesa za Benki ya Dunia na wafadhili wengine hupitia kaunti, na mipango inafaa kuanzia kwa kamati za wadi.

9/ Kwa hivyo MCA akija kuomba kura, usimuulize tu kama anaamini tabianchi inabadilika. Muulize: kamati ya wadi yetu ina nani? Wapangaji wamo, ama ni wenye ploti pekee? Na ramani ya mafuriko ya hapa iko wapi, tuione?

Wewe uko wadi gani? Umewahi kusikia hiyo kamati ikikutana? Nijibu hapo chini.