Spiriti: Zana ya Viwanda na Suala la Chakula

Wakulima wa Igamba, wilayani Mbozi, huzalisha mahindi na kahawa. Mahindi ni chakula cha umma. Lakini pia ni mali ghafi. Kutokana na wanga wake hupatikana ethanoli, yaani spiriti itumikayo hospitalini na viwandani. Je, ni haki kuyageuza mahindi kuwa spiriti? Ili kada alijibu swali hili mbele ya wakulima, hana budi kuelewa kwanza spiriti ni nini na inafanya kazi gani.

Hamira hula sukari na kutoa ethanoli pamoja na hewa ya ukaa. Kwa hesabu ya kemia, kilo 100 za glukosi hutoa kilo 51 za ethanoli. Zilizobaki huwa hewa. Wanga wa mahindi hauna budi kugeuzwa sukari kwanza, na kimea hufanya kazi hiyo. Kisha mchanganyiko hukenekwa. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo mvuke wa kwanza huwa na ethanoli nyingi.

Matumizi yake makuu ni manne. Kwanza, huyeyusha vitu vinavyoshinda maji: vanishi, manukato, na dawa nyingi. Pili, huua vijidudu. Hapa spiriti ya asilimia 70 inashinda ile isiyo na maji, kwani maji huisaidia kupenya. Ndiyo maana mwaka 2020, wakati wa korona, vitakasa mikono vilihitajika kila mahali. Tatu, huchanganywa na petroli. Brazil ilianzisha mpango wake mwaka 1975. Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe, walianza mwaka 1982 kwa molasi ya Dwangwa. Nne, ni mali ghafi ya kutengenezea siki na hata plastiki.

Tutahadharishe: spiriti ya viwandani hutiwa sumu makusudi ili isinywewe. Anayeiuza kama kinywaji huwapofusha na kuwaua wenzake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Gunia la kilo 100 za mahindi hutoa lita 40 hivi za spiriti. Gunia hilo hilo ni ugali wa familia kwa majuma mengi. Lakini tani moja ya molasi, ambayo ni mabaki ya sukari, hutoa lita 250 hivi bila kugusa sufuria ya mtu. Kiwanda cha Kilombero kilifungua mtambo wa spiriti ya molasi mwaka 2013.

Hata hivyo, yapo mahindi yasiyofaa kuliwa: yale yenye sumukuvu. Sumu hiyo haipandi na mvuke. Hubaki kwenye machicha. Basi mahindi hayo yanaweza kutoa spiriti safi, mradi machicha yasipewe ng'ombe wala kuku.

Msimamo wetu ni huu: chakula kwanza, mabaki pili, na kilichoharibika badala ya kilicho kizima. Tena mkulima asiishie kuuza gunia na kununua chupa. Ushirika wake uwe na sauti katika mtambo, kwani thamani huongezeka pale mali ghafi inapogeuzwa; na asiye na sauti hapo hubaki kibarua wa jasho lake mwenyewe.