Mke wa askari akipigwa, nani amsaidie?

Leo tuanze na swali. Mke wa askari akipigwa na mumewe, apeleke wapi mashtaka yake? Aende kwa mkuu wa kambi, au aende kwa polisi wa mjini? Swali hili ni jepesi kulisema. Lakini huko Marekani limegharimu maisha ya watu. Tutaeleza mambo yalivyokuwa, na dawa iliyotafutwa.

KAMBI NA MJI

Askari wengi wa Marekani wana wake na watoto. Wengine hukaa ndani ya kambi. Wengine hupanga nyumba mjini, nje ya lango. Kambini mwenye amri ni mkuu. Mjini wenye kazi ni polisi na mahakama za raia.

Basi hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mama akipigwa mjini, polisi wanakuja, wanaandika, wanaondoka. Mkuu wa kikosi huenda asisikie lolote. Akipigwa kambini, mkuu anajua, lakini polisi wa mjini hawajui. Kila upande unashika nusu ya habari. Yule mpigaji anapita katikati.

Tena kuna woga. Mshahara wa askari ndio unaolisha watoto. Pengine hata nyumba ni ya jeshi. Mama anajiuliza: "Nikisema, mume wangu atafukuzwa kazi. Tutakula nini? Tutalala wapi?" Basi ananyamaza. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini mtu anayeogopa njaa ya watoto wake tusimlaumu upesi.

MWAKA 2002

Fort Bragg ni kambi kubwa katika jimbo la North Carolina. Mwezi Juni na Julai mwaka 2002, kwa muda wa majuma sita hivi, wake wanne wa askari wa kambi hiyo waliuawa. Waliowaua ni waume zao. Wawili kati ya wanaume hao walijiua papo hapo. Nchi nzima ilishtuka.

Wakati huo tayari kulikuwa na kamati iliyoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani. Ilifanya kazi toka mwaka 2000 hadi 2003. Ndani yake walikaa pamoja maofisa wa jeshi, wanasheria wa kiraia, na watu wanaowasaidia wanawake waliopigwa. Kazi yao ilikuwa kutafuta njia ya kambi na mji kushirikiana.

HATUA ZILIZOCHUKULIWA

Kwanza, amri ya mahakama. Mahakama ya raia yaweza kumwandikia mtu amri kwamba asimkaribie mkewe. Tarehe 2 Desemba 2002, Rais George W. Bush alitia sahihi sheria mpya. Sheria hiyo iliipa amri ya mahakama nguvu ile ile ndani ya kambi kama iliyo nayo mjini.

Pili, amri ya mkuu wa kikosi. Yeye naye aweza kumkataza askari wake kwa maandishi asimsogelee mkewe. Lakini polisi wa mjini hawawezi kumkamata mtu kwa amri hiyo peke yake. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2008 ilimtaka mkuu wa kambi awaarifu wakuu wa kiraia kwamba amri hiyo ipo.

Tatu, fedha. Askari akifukuzwa jeshini kwa kosa la kudhuru familia yake, mkewe na watoto waweza kulipwa fedha za kujikimu kwa miezi 12 hadi 36, mradi mama haishi tena naye. Hapo ule woga wa njaa unapungua.

Nne, mapatano. Kambi na polisi wa mji huandikiana mapatano. Nani atampa nani habari? Nani atakwenda kwenye tukio? Yote huandikwa mapema, kabla ya kilio kusikika.

KARATASI ISIYOPELEKWA

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Tangu mwaka 1996, sheria ya Marekani inasema mtu aliyehukumiwa kwa kumpiga mkewe asiwe na bunduki, hata kama ni askari. Sheria ni nzuri. Lakini mwenye duka la bunduki atamjuaje mtu huyo? Huuliza serikalini, na serikali hutazama kumbukumbu zake. Habari isipopelekwa, kumbukumbu hazisemi kitu.

Mwaka 2012 askari mmoja wa jeshi la anga alishtakiwa katika mahakama ya jeshi. Alikuwa amempiga mkewe na mtoto mdogo wa mkewe. Alifungwa miezi 12. Jeshi lilipaswa kupeleka habari zake kwa FBI, idara ya upelelezi ya nchi hiyo. Hazikupelekwa. Alipotoka alikwenda dukani akanunua bunduki. Tarehe 5 Novemba 2017 alishambulia kanisa huko Sutherland Springs, jimbo la Texas. Waliuawa watu 26, akihesabiwa na mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Mwaka 2021 jaji aliamua kwamba serikali ibebe asilimia 60 ya lawama.

Kesi ilikuwa imesikilizwa. Hukumu ilikuwa imetolewa. Kilichokosekana ni habari kutoka ofisi moja hadi nyingine.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sisi tunaofundisha kusoma na kuandika husema kila siku kwamba maandishi si mapambo. Hapa mmeona wenyewe. Habari ikiandikwa ikalala sandukuni, ni sawa na kutoandikwa. Wazee walisema pia, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja kikikaa kambini na kingine mjini, hakuna moto. Na mama aliyepigwa anabaki gizani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mke wa askari huogopa kusema?

2. Kwa nini amri ya mkuu wa kikosi peke yake haitoshi?

3. Kijijini kwetu mtu akipigwa nyumbani, habari hupita kwa nani hadi kufika polisi? Hukwama wapi?