KIKOMO, KADIRI NA KILA: LUGHA YA KALKULASI YA MWAKA WA KWANZA

Jina la elimu iitwayo kalkulasi limetoka katika neno la Kilatini, calculus, maana yake kijiwe, kwa kuwa Warumi walihesabu kwa vijiwe. Kiswahili nacho kina kokoto, na kina kitenzi kokotoa, ambacho vitabu vya hisabati hukitumia kwa maana ya kufanya hesabu hata kupata jawabu. Katika kitenzi hicho likazaliwa neno kikokotoo, lililovuma sana Tanzania mwaka 2018 katika mjadala wa mafao ya wastaafu. Mwenye lugha huyasikia maneno hayo pamoja, kama Mrumi alivyoyasikia yake. Hata hivyo elimu yenyewe si ya kokoto. Kokoto huhesabika moja moja. Kalkulasi hushughulika na vitu vinavyobadilika mfululizo pasipo kuruka, na hapo ndipo lugha ianzapo kumtatiza mwanafunzi.

Mwanafunzi wa Tanzania aingiaye chuo kikuu kusoma hisabati amekwisha kuonja kalkulasi katika kidato cha tano na cha sita. Aghalabu ajua kanuni: akipewa x² hutoa 2x bila kusita. Jambo jipya chuoni ni kwamba atakiwa kueleza kwa nini, na kueleza ni kazi ya sentensi, si ya kanuni. Mhadhara husomwa kwa Kiingereza. Jioni, wanafunzi wakikaa kibarazani na madaftari yao, maelezo hugeuka Kiswahili, na istilahi hubaki za Kiingereza zikiwa zimevishwa viambishi: utasikia tudifarenshieti, ameiintegreti, fanksheni inaaproachi. Wako waonao kwamba huo ni uchafuzi wa lugha. Lakini viambishi vimekaa mahali pake bila kosa, na nomino zapatanishwa sawasawa. Hatari haiko katika mavazi hayo ya mkopo. Hatari iko katika maneno madogo ya Kiswahili chenyewe yaliyo kati ya istilahi, ambayo hakuna anayeyatilia shaka kwa sababu kila mtu ayajua.

Chukua mfano wa nazi iangukayo kutoka juu ya mnazi. Ukiacha upinzani wa hewa, baada ya sekunde t imeshuka mita 5t² hivi. Kwa mnazi wa mita 20 itafika chini kwa sekunde 2. Je, sekunde ya kwanza inapotimia, kasi yake ni ngapi? Kasi hupatikana kwa kugawanya umbali kwa muda, na katika nukta moja ya wakati hakuna muda wa kugawanyia. Basi huchukuliwa muda mfupi h baada ya sekunde ya kwanza. Katika muda huo nazi hushuka mita 5(1+h)² kutoa 5, yaani 10h + 5h². Ukigawanya kwa h, wapata 10 + 5h. Kisha h hupunguzwa, na kasi inayotafutwa ni mita 10 kwa sekunde.

Hatua hiyo ya mwisho ilileta ugomvi mkubwa. Katika kugawanya, h haikuwa sifuri, kwani haigawanyiki kwa sifuri; katika kumaliza, imetupwa kana kwamba ni sifuri. Askofu George Berkeley aliwashambulia wanahisabati kwa kosa hilo mwaka 1734, nusu karne baada ya Leibniz kutangaza njia yake mwaka 1684, na hawakuwa na jibu timamu. Augustin-Louis Cauchy aliliwekea msingi mwaka 1821 kwa dhana ya kikomo, na Karl Weierstrass baadaye akaiondolea dhana hiyo maneno yote ya mwendo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutakiwa kuivuka kwa majuma machache njia iliyowachukua mabingwa zaidi ya karne moja.

Kiswahili humpa chombo kizuri cha kuanzia: kadiri h inavyopungua, ndivyo kasi inavyoikaribia mita 10. Muundo huu wa kadiri na ndivyo hufunga mabadiliko mawili pamoja kwa mkato, nao wafaa kwa nazi. Lakini muundo huo hudai zaidi ya hisabati inavyodai. Husema kwamba kila hatua ya upande mmoja huleta hatua ya upande wa pili, bila kurudi nyuma. Mwanafunzi akipewa fanksheni x sin(1/x) na kuulizwa kikomo chake x ikaribiapo sifuri, hukwama. Thamani zake hupanda na kushuka. Hulifikia jawabu, ambalo ni sifuri, mara zisizo na idadi, huliacha, na hulirudia. Haina kadiri wala ndivyo, na kikomo inacho.

Neno kikomo lenyewe lina mzigo wake. Shina lake ni koma, na koma ni kuacha, ni kufika mwisho wa jambo. Ndiyo amri apewayo mtoto mtundu. Kwa hiyo msikilizaji hutarajia mahali ambapo kitu husimama, au mstari usiovukwa, kama kikomo cha mwendo barabarani. Mwalimu naye, akitaka kumwondolea dhana ya kusimama, humwambia kwamba fanksheni hukikaribia kikomo bila kukifika kamwe. Maneno hayo ni dawa mbaya kuliko ugonjwa. Fanksheni ambayo thamani yake ni 7 daima, kikomo chake ni 7, na haijapata kuwa mbali nacho. Kosa hili si la Waswahili peke yao. David Tall na Shlomo Vinner walitofautisha mwaka 1981 taswira ya dhana iliyo akilini mwa mwanafunzi na fasili yake rasmi. Na mwaka 1991 John Monaghan aliandika jinsi maana za kila siku za maneno ya Kiingereza zinavyowapotosha wanafunzi wa vikomo.

Ndipo mwanafunzi asemapo kwamba 0.999… inaikaribia 1 lakini haiifiki. Namba haisafiri. Zinazofuatana ni 0.9, kisha 0.99, kisha 0.999, namba iandikwayo kwa tarakimu zisizokoma ndiyo kikomo cha mfuatano huo, nayo ni 1 hasa. Kitenzi karibia kimepewa mtenda asiyestahili.

Sasa itazamwe fasili yenyewe: namba L ni kikomo cha f(x), x ikaribiapo a, iwapo kwa kila namba chanya e ipo namba chanya d, hata kila x isiyo a, ambayo umbali wake na a ni mdogo kuliko d, huufanya umbali wa f(x) na L uwe mdogo kuliko e. Hakuna mwendo humo, wala kufika, wala kutofika. Kuna kila na kuna ipo, na mpangilio wake ndio wenye maana yote. Ukisema kuna ufunguo kwa kila mlango, msikilizaji hajui kama ni funguo nyingi au ni ufunguo mmoja wa nyumba nzima. Kiswahili huuondoa utata huo kwa neno fupi sana: kila mlango una ufunguo wake. Kimilikishi hicho hueleza kwamba kitu cha pili hutegemea cha kwanza, na kikibadilika cha kwanza, cha pili chaweza kubadilika pia. Vivyo hivyo: kila e ina d yake. Sentensi hiyo ya maneno matano hubeba kiini cha fasili ambayo wanafunzi wengi huikariri pasipo kuielewa.

Faida yake huonekana zaidi mbele kidogo, pale panapotakiwa d moja ya nukta zote badala ya kila nukta kuwa na d yake. Kuyachanganya mambo ya namna hiyo si aibu ya wanafunzi tu. Mwaka 1821 Cauchy alidai kwamba jumla ya mfululizo wa fanksheni zisizokatika ni fanksheni isiyokatika pia. Mwaka 1826 Niels Henrik Abel akaonyesha mfano ulioivunja kanuni hiyo. Kasoro ilihusu mahali pa kila na mahali pa ipo.

Yasalia majina ya vitendo viwili vikuu. Kitendo cha kwanza, kile cha nazi, wengine hupenda kukiita kutofautisha. Tofauti ni neno jema kwa jawabu la kutoa, na Leibniz alianzia katika tofauti ndogo. Lakini kutofautisha katika Kiswahili ni kutambua kwamba hiki si kile. Yafaa zaidi kunyambua, ambalo wanasarufi hulitumia kwa vitenzi. Kutoka piga hupatikana pigana, kisha piganisha. Kutoka x³ hupatikana 3x², kisha 6x. Joseph-Louis Lagrange, mwaka 1797, alitumia wazo hilohilo la kitu kilichotokana na kingine.

Kitendo cha pili ni jumla. Alama yake ndefu, iliyobuniwa na Leibniz mwaka 1675, ni herufi S ya neno la Kilatini la jumla, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda mbali. Waarabu huita takamul, kutoka mzizi uliotupa kamili; lakini namba kamili zimekwisha kulichukua neno hilo shuleni, na kuligawa kungeleta mchanganyiko.

Ulinganifu na sarufi una mahali unapokatika, na mwanasarufi afundishaye istilahi hizi sharti apataje. Katika piganisha, shina pig- lingalimo ndani, laweza kuonekana. Katika unyambuaji wa hisabati kitu hupotea. Ukinyambua x² + 5 wapata 2x. Ukinyambua x² + 9 wapata 2x vilevile. Atakaye kurudi kutoka 2x hana njia ya kujua alitoka wapi. Arudi kwa ukoo mzima wa fanksheni, si kwa mmoja wao. Ndiyo maana ya ile C ambayo wanafunzi huiongeza mwishoni mwa jawabu, na ndiyo sababu wanaoisahau hukatwa alama.