Daktari wa wapi?

Katika kazi hii ya kuzunguka na kinasa sauti nimewauliza wanafunzi wengi wa sekondari wanataka kuwa nani, na darasa la sayansi halikosi mikono ya udaktari. Ukidadisi sababu, zinarudi zile zile. Huyu baba yake ameamua. Yule alimpoteza mama wakati wa kujifungua. Mwingine anaipenda tu baiolojia. Na yupo anayetaka gari na heshima, ambaye aghalabu ndiye mkweli kuliko wenzake.

Sizidharau sababu hizo hata moja. Njia yenyewe ni ndefu: masomo ya sayansi hadi kidato cha sita, miaka 5 ya shahada, kisha mwaka wa utarajali hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Lazima pawepo kitu cha kumsukuma mtu. Mimi niliyeikimbia fizikia nikaishia kwenye diploma ya uandishi wa habari sina ubavu wa kumcheka yeyote. Lakini sababu inayomwingiza mtu katika udaktari si lazima iwe ndiyo inayombakiza kazini, na hiyo ya pili hatuiulizi.

Chukua mfano wa Lulindi, kule Masasi, upande wa uwanda wa Makonde. Mwaka 1935 alifika huko daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling, aliyesomea London. Alikuwa na umri wa miaka 29. Alikuja na misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyokuwa Masasi tangu 1876. Hospitali ya wakati huo ilikuwa ya kuta za udongo na paa la nyasi, na penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumika duniani.

Mahali kama hapo daktari hana mwenzake wa kumuuliza. Mgonjwa wa ngiri iliyojisokota ni wake, mama aliyekwama kujifungua ni wake, mwenye ukoma ni wake, na paa likivuja nalo ni lake. Sisi wa mjini tunadhani kazi ni kisu. Upasuaji unaweza kwisha kwa saa moja, lakini mgonjwa atalala wodini siku kadhaa, na siku hizo zimo mikononi mwa muuguzi: nani atapima homa usiku wa manane, nani atabadili bandeji, nani atagundua kwamba kidonda kimeanza kuoza. Ndiyo maana Stirling alishughulika sana na kuwafundisha vijana wenyeji uuguzi. Bila wao, ufundi wake wote wa London ungeishia mezani.

Alikaa Lulindi miaka 14. Mwaka 1949 alihamia Mnero, Nachingwea, kwenye hospitali ya Wabenediktini wa Kikatoliki, na baadaye Kibosho, Kilimanjaro. Alichukua uraia wa nchi hii. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akampa Wizara ya Afya, akaiongoza hadi 1980, miaka ambayo taifa lilikuwa likisambaza zahanati vijijini. Kumbuka kwamba mwaka 1961, tulipopata Uhuru, madaktari wazalendo wa Tanganyika walikuwa 12 tu, na chuo cha kwanza cha kuwafundisha hapa nyumbani kilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Stirling alifariki 2003, akiwa na umri wa miaka 97.

Wapo watakaosema basi vijana wetu wamuige mzee huyo. Hapo mimi nasita. Alikuwa mtu wa kujitoa, hilo halina ubishi, lakini nyuma yake ilikuwepo misheni iliyompa pa kulala na iliyojua yuko wapi. Wasaidizi aliweza kuwafundisha mwenyewe. Kijana wa leo anayepangiwa kituo cha mbali anaweza kufika akakuta wodi haina taa, kabati halina dawa na yeye hana nyumba, kisha tunamwita mpenda mji. Wakati huo huo wahitimu wa udaktari wanakaa mitaani wakisubiri ajira, na vijijini mgonjwa anasubiri foleni kwa muuguzi mmoja. Yaani wanaosubiri wako pande zote mbili.

Kwa hiyo siku hizi, nikimaliza kuuliza kwa nini, nauliza na wapi. Wengi hutaja Muhimbili kabla sijamaliza swali. Msichana mmoja wa kidato cha sita alifikiri kidogo, kisha akaniuliza yeye: huko unakotaka niende, mjomba, nyumba ya daktari ipo?